Kompyuta Mia Moja Themanini na Hakuna Mtu

Nzula alikuwa amesukwa nusu kichwa pale Ngara, Nairobi, wakati simu ilipoingia.

Upande wa kushoto, mistari safi, imenyooka. Upande wa kulia, nywele zimesimama kama zimeguswa na stima.

"Madam, kuja haraka," alisema Ngui, fundi wake wa kompyuta. "Maabara kubwa inanguruma."

"Inanguruma aje?"

"Kompyuta zote! Mia moja themanini! Zinafanya kazi, feni zinalia, humu ndani ni moto kama jikoni. Na hakuna mtu. Hata mmoja. Mlango nimeufungua mimi mwenyewe."

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Chuo kimefungwa.

Shiru, msusi wake, akamshika bega. "Wewe, huwezi toka hapa hivyo. Watu watauliza ni nani amekusuka."

"Waambie ni wa duka la pili," Nzula akasema, akajifunga kitambaa, huyo akaenda.

Sasa nikueleze huyu Nzula ni nani, maana kisa chenyewe alinisimulia yeye, na amenikubalia nikiandike mradi chuo nisikitaje.

Dkt. Nzula Mwololo ni mkurugenzi wa TEHAMA katika chuo kikuu kimoja katikati ya jiji. Intaneti ikipotea, lawama ni zake. Mhadhiri akisahau nywila, ni yeye. Printa ikimeza karatasi za mtihani, ni yeye.

Lakini hakusomea hayo. Alisomea kemia.

Na si ile kemia ya chupa na moshi. Yake ilikuwa ya hesabu. Unaijenga molekuli ndani ya kompyuta, kisha unaiuliza itafanya nini ikikutana na nyingine. Mamake kule Mwingi alikuwa akiwaambia majirani, "Msichana wangu anapika dawa, lakini hawashi moto."

Kwa shahada yake ya uzamivu alichukua molekuli kutoka gome la mti mmoja wa Ukambani, aone kama itaingia kwenye protini ya kimelea cha malaria na kuizuia kufanya kazi.

Miaka minne ya hesabu.

Jibu: haiingii. Inafika mlangoni, inarudi.

Shahada alipewa, maana hata jibu la hapana ni jibu. Lakini moyoni alishajihukumu: mimi si mkemia. Kazi ya TEHAMA ilipotangazwa akaomba, akapata, akapanda mpaka juu kabisa.

Siku aliyokwenda kumuaga msimamizi wake, Profesa Hannah Waceke, mama huyo alimtazama juu ya miwani.

"Kwa hivyo umeamua kuwa fundi wa printa."

Hawakusemezana tena. Miaka saba.

Turudi maabara.

Nzula alipoingia, joto lilimpiga usoni. Ngui alikuwa amesimama katikati ya chumba, shati limemgandia mgongoni.

"Karani wa idara anasema ni majini," Ngui akanong'ona.

"Majini hayatumii kompyuta, Ngui."

"Ya Nairobi yanatumia, madam."

Kabla hajacheka, simu ikalia. Naibu Chansela mwenyewe, Profesa Wachira. Mlinzi wa lango alikuwa ameshamfikishia habari, tena na chumvi juu.

"Daktari, naambiwa kuna watu wanachimba zile sarafu za mtandaoni na stima yetu."

"Bado hatujui, Prof."

"Jumatatu saa tatu baraza la chuo linakaa. Nataka jina."

"Utalipata. Na akiwa mtu wa ofisi yangu, nitamfuta kazi mimi mwenyewe."

Hiyo ya mwisho aliisema kwa sauti, Ngui asikie. Ngui alisikia. Akajifuta jasho, na halikuwa la joto pekee.

"Madam, naapa, mimi sijui kitu..."

"Keti. Fungua skrini."

Ngui akafungua. Namba zikaanza kuteremka, safu kwa safu.

"Si unaona? Sarafu hizo!"

Nzula akasogea. Akasoma mstari wa kwanza. Akasoma wa pili. Kitambaa kikamteleza kichwani na hakuwa na habari.

"Hii si sarafu," alisema polepole. "Hii ni kaboni."

"Kaboni ya makaa?"

"Kaboni, haidrojeni, naitrojeni, oksijeni. Kuna mtu anapiga hesabu ya molekuli."

Akaanza kuhesabu atomi kwa kidole kwenye kioo. Pete tatu. Mkia mrefu. Oksijeni mbili pale pembeni.

Ilikuwa molekuli yake. Ileile ya gome la mti.

Anasema ilikuwa kama kukutana na mpenzi wako wa zamani kwenye foleni ya benki, na wewe umesukwa nusu kichwa.

Mafaili yale walikuwa nayo watu wawili tu duniani. Mmoja ni yeye.

Mwingine anakaa Loresho.

Saa nane mchana alikuwa kwenye lango la Profesa Waceke. Askari akamfungulia bila hata kuuliza jina, kama mtu aliyekuwa ameagizwa.

Profesa alikuwa amekaa barazani, miaka sabini na minne, sweta ya kijivu, laptopu magotini.

"Umechelewa," akasema. Hakuna salamu. "Nilianza na kompyuta tano mwezi wa tatu. Nikaongeza kumi. Nikajiambia, huyu atajua tu. Wapi! Leo ikabidi nizichukue zote."

"Prof! Umeingiaje kwenye mtambo wangu?"

"Kwa ruhusa."

"Ya nani?"

"Yako."

Akatoa karatasi kwenye faili, akamsukumia. Ombi la kutumia kompyuta za maabara kwa utafiti, siku za wikendi, zikiwa hazina mtu. Jina la mwombaji, herufi kubwa: HANNAH WACEKE. Na pale chini, sahihi ya mkurugenzi, yenye ule mkia ambao Nzula angeutambua hata gizani.

"Fomu zilikuwa arobaini siku hiyo," Nzula akajitetea.

"Na ulisoma ngapi?"

Nzula akajikalisha kwenye ngazi. "Prof, nimeahidi kumfuta mtu kazi Jumatatu. Kumbe ni mimi."

Profesa akacheka mpaka miwani ikamwanguka.

Hapo ndipo hasira ilipompanda Nzula. Hasira ya miaka saba.

"Unacheka? Uliniita fundi wa printa! Sasa unachukua molekuli yangu, unachukua kompyuta zangu, na hata kunipigia simu hukuweza. Unataka nini na kitu kilichonishinda?"

Kicheko kikakatika.

Profesa akaiokota miwani, akaipangusa na sweta, akaipangusa tena ingawa ilikuwa safi.

"Hakikukushinda," akasema.

"Nini?"

"Mwaka jana nilikuwa napanga makaratasi yangu. Nikakuta lile faili la protini nililokupa uanze nalo. Unakumbuka? Nililitayarisha mimi, kwa mkono wangu." Akaivaa miwani. "Nilisahau protoni moja."

Wewe unayesoma unaweza kusema, protoni moja ni nini? Ni kitu kidogo kiasi kwamba hata neno kidogo ni kubwa kwake. Lakini ikikosekana penye mlango wa protini, chaji inabadilika, na molekuli iliyopaswa kuvutwa ndani inasukumwa nje.

Nzula alielewa mara moja. Hakuhitaji kuchorewa.

"Kwa hivyo wewe ulifunga mlango," akasema, "na mimi nikabisha miaka minne."

"Ndiyo. Halafu nikakuacha uende ukidhani ni wewe."

"Na tangu mwaka jana unajua?"

"Najua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi, Nzula? Nimefundisha miaka arobaini. Nimekosoa watu mpaka wakalia mbele yangu. Nikasema acha nirudie kazi yote kwanza, nipate jibu zuri, nikuletee, ndio niseme pole. Lakini kungoja kukanishinda, nikatamani uje mwenyewe."

Nzula akatamani kumkaripia. Maneno alikuwa nayo tele, ameyatunza muda mrefu. Lakini alimwona yule mama ameshika laptopu kwa mikono miwili kama mwanafunzi anayesubiri alama, na maneno yakakosa pa kutokea.

"Imebaki kiasi gani?" akauliza.

"Saa mbili. Labda tatu."

"Songa basi."

Wakakaa bega kwa bega barazani, chai ikapoa, hakuna aliyeigusa. Saa kumi na moja kasorobo namba zikasimama.

Molekuli ilikuwa imeingia.

Si kwa kishindo. Iliingia ikajishikilia, kama mtu aliyepata kiti cha pembeni kanisani. Lakini ilikuwa ndani, na haikutoka.

"Hii si dawa," Profesa akasema haraka. "Ni hesabu tu. Bado kuna miaka ya watu wa chupa mbele."

"Najua."

"Na nyingi za namna hii hufia njiani."

"Najua, Prof. Lakini imeingia."

"Imeingia."

"Pole, Nzula," Profesa akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. Nzula akalia na kucheka kwa pamoja, kitu ambacho anasema kinaumiza mbavu.

Jumatatu, saa tatu, baraza limekaa. Suti, maji ya chupa, nyuso nzito.

"Daktari," Naibu Chansela akasema, "jina."

"Nzula Mwololo."

Mtu mmoja akacheka. Wengine wakangoja aendelee. Akaweka ile fomu mezani na kueleza yote, hata zile fomu arobaini, hata ile protoni, ambayo Profesa mwenyewe alikuwa amemruhusu aitaje.

Mwanabaraza mmoja, mfanyabiashara, akainua mkono. "Kwa hivyo hakuna sarafu?"

"Hakuna, mzee."

"Hata kidogo?" Alionekana amevunjika moyo.

Nzula akavuta pumzi. "Niliahidi kumfuta mhusika kazi. Niko tayari kuondoka."

Naibu Chansela akaigeuza ile karatasi mbele, nyuma, mbele tena.

"Huwezi kujifuta, Daktari. Barua ya kukufuta lazima nitie sahihi mimi, na mimi nasoma kwanza."

Chumba kizima kikaangua kicheko.

Hakupona bure. Alipewa barua ya onyo, na kompyuta za wikendi zikawekewa kikomo cha sitini, ratiba ibandikwe mlangoni ili mlinzi asipige tena simu za sarafu. Ngui aliombwa radhi mbele ya ofisi nzima, jambo alilolifurahia kupita kiasi na ambalo bado anawasimulia wageni.

Nzula bado ni mkurugenzi. Ila Ijumaa mchana hapatikani ofisini. Yuko idara ya kemia, anabishana na Profesa Waceke kuhusu atomi za molekuli nyingine, na mara hii kila mmoja anakagua faili la mwenzake.

Nilipomuuliza mimi na wewe tuchukue nini hapo, sikutarajia jibu lake. Nilidhani atasema tusome kabla ya kutia sahihi. Hilo, alisema, kila mtu analijua na hakuna anayelifanya.

Yeye alisema hivi: kama umemkosea mtu, hasa aliyekuwa chini yako, usingoje mpaka upate zawadi ya kufunika kosa. Huenda mwenzako ameshajenga maisha mazima juu ya kosa ambalo si lake. Piga simu leo. Sema, "Nilikosea, si wewe." Basi.

Profesa angefanya hivyo, Nzula angepata mwaka mzima wa amani, na chuo kingepona bili ya stima.