Tulitafuta game isiyo na sheria nyingi, tukampa mama cheo

Wakuu, habari za weekend. Nimesoma nyuzi zenu muda mrefu bila kuchangia, lakini leo yamenifika shingoni. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sikuambiwa na mtu. Nikiongeza chumvi, ni kidogo tu ya kuonja.

Niko Nakuru, mtaa wa Free Area.

Kwa wasiojua, kuna michezo ya mezani ambapo kila mtu anakuwa mhusika, mmoja anasimulia hadithi, na mambo yakiwa magumu mnarusha dadu kuona kama umefaulu. Hakuna screen. Ni mdomo, karatasi na dadu. Mimi ndiye msimulizi.

Tulikuwa watatu. Mimi, halafu Achieng, anauza mitumba na hana subira na kiumbe chochote kinachopumua. Wa tatu ni Kiprono, tunamwita Wakili ingawa kazi yake ni kuuza dawa za mifugo. Ni mtu wa kusoma maandishi madogo. Ukimpa maziwa ya paketi, anasoma paketi kwanza.

Tulikutana kila Jumamosi mchana kwa meza ya mama yangu, sebuleni, baada ya kutoa vitambaa vyake na kuvikunja vizuri.

Niseme ukweli hapa. Nilipoteza kazi kwa shamba la maua, nikarudi kwa mama na umri wangu huu. Wiki nzima mimi ni mtu wa kuulizwa "bado hujapata kitu?" Jumamosi ndiyo siku pekee watu walikuwa wananingoja nifungue mdomo. Ile meza ilikuwa muhimu kwangu kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Sasa tuje kwa sheria.

Game ya kwanza ilikuwa ya Wakili. Kitabu kinene, unaweza kukaa juu yake ukakamua ng'ombe. Kulikuwa na sheria ya uzito wa mishale. Sheria ya kuogelea ukiwa na koti. Sheria ya kushtuka usingizini ukiwa na viatu, na nyingine ukiwa huna.

Jumamosi ya kwanza tulitengeneza wahusika. Ya pili tukaendelea kutengeneza. Ilikuwa kama kufuatilia cheti kwa ofisi: unatumwa dirisha lile, ukifika lile wameenda lunch.

"Boss, mimi nilikuja kupiga dragon," Achieng akasema. "Sikuja kufanya mtihani."

Hatimaye joka likatokea. Wakili akauliza upepo unatoka upande gani, akafungua kitabu. Tulipopata jibu Achieng alikuwa amelala. Kwa mujibu wa sheria, lile joka hadi leo liko hewani.

Shida ilianza hapo. Mama ni chairlady wa akina mama kanisani. Alikuwa anapita na beseni ya nguo wakati Wakili anasoma kwa sauti ya mtu wa matangazo: "Pepo akikuingia, rusha dadu mara mbili."

Beseni ikawekwa chini.

"Mnacheza kamari na mapepo kwa meza yangu?"

Tulieleza hadi jasho likatutoka. Akasikiliza, kisha akatoa hukumu. "Jumamosi ijayo nitaketi hapa nione. Nikipata ni upuzi, hiyo meza inarudi kuwa ya kukula."

Na hatukuwa na pengine. Kwa Wakili kitanda ndicho kiti. Kwa Achieng watoto wangemeza dadu. Hotelini ukikaa sana na chapati moja, waiter anaanza kufagia miguu yako.

Siku ikafika. Wakili alishikilia tutumie kitabu chake. "Mathe ni mtu serious. Akiona kitabu kinono ataheshimu." Mama akaketi, kilemba kichwani, Biblia pembeni ikihitajika.

"Mathe," Wakili akaanza, "kwanza kabisa, chagua kabila."

Mnajua Nakuru, wakuu. Achieng alinitazama, mimi nikatazama dari.

"Kwa hii nyumba," mama akasema polepole, "hakuna mtu ameulizwa kabila. Hata ule wakati mbaya wa baada ya uchaguzi. Na hamtaanza leo."

Wakili akajaribu kueleza kwamba makabila yenyewe ni mbilikimo na watu wa masikio marefu. Akaharibu zaidi. Mama alikuwa ameanza kurudisha vitambaa mezani.

Nikatoa karatasi moja niliyokuwa nimeprint. Game ndogo, sheria zote zinaenea upande mmoja. Sema wewe ni nani. Sema unafanya nini. Kukiwa na shaka, rusha dadu moja, nne kwenda juu umeweza.

"Mum, usichague kitu. Wewe ni nani tu?"

Akafikiri. "Mimi ni mama natoa viazi Molo, napeleka soko."

"Sawa. Jitu limetoka huko ndani ya shimo la Menengai, refu kama mti wa stima. Limesimama barabarani, linataka kukumeza. Unafanya nini?"

"Mdunge, Mathe, mdunge," Achieng akanong'ona.

Mama akaliangalia lile jitu. Naapa aliliangalia, hapo kwa ukuta karibu na kalenda.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Nilikuwa nimeandaa vita. Sikuwa nimeandaa ukoo. Nikajibu kwa sauti ya jitu, "Wa... wa huko chini."

"Na mamako anajua uko huku unasumbua watu? Simama vizuri nikikuongelesha. Haya, beba gunia."

Wakili alikuwa anapekua kitabu chake atafute sheria ya kugombeza. Mama akarusha dadu. Sita!

Jitu likabeba viazi hadi sokoni. Mama alicheka mpaka akavua miwani apanguse macho. Meza tukawa tumeipata.

Tungeishia hapo, tungekuwa watu wenye akili.

Lakini sisi ni Wakenya. Ukitaka mkubwa asikusumbue, unampa cheo. Kila kwaya na kila timu ya mpira ina patron: anakuja siku ya picha, anapewa kiti chenye kitambaa, anaongea mwisho, anaenda. Kwa hivyo Achieng akasema, "Mathe, kuanzia leo wewe ndio patron wetu." Tukapiga makofi.

Mama hajawahi kushika cheo cha bure maishani mwake.

Jumamosi iliyofuata ilianza na maombi. Kisha apologies za wasiofika, na tulikuwa wote. Kisha minutes za mkutano uliopita, ambazo hazikuwepo, kwa hivyo Wakili akateuliwa secretary. Kidogo alie kwa furaha.

Sheria zikaanza kumiminika. Jitu halipigwi kabla wazazi wake waitwe. Mhusika wa aliyechelewa ananyeshewa nje. Dadu hairushwi bila kuinua mkono. Achieng alidunga kiumbe bila mtu wa kumsecond, yaani kumuunga mkono, akapewa onyo. Karatasi yetu moja sasa ina faili. Kile kitabu kinene tunazuilia mlango.

Cha ajabu ni kwamba watu wanaipenda. Akina mama wawili wa kanisa wamejiunga.

Leo nikasimulia jitu linapita karibu na patron bila kusalimia. Patron akavaa miwani.

"Nani amefundisha hili jitu tabia?"

"Ni msimulizi, patron," Wakili akasema, huku anaandika.

Motion ikaletwa, Achieng akasecond. Achieng, wakuu! Nimesimamishwa mpaka kamati ya nidhamu ikae. Appeal inapitia kwa secretary.

Kwa hivyo naandika haya nikiwa kwa ngazi, nje. Mama ndiye anasimulia sasa, na sauti ya jitu ameipata kuliko mimi. Inauma, sitadanganya. Lakini hii nyumba haijawahi kuwa na kicheko hivi tangu tumzike baba. Nina hasira na nina furaha, na sijui nianze na ipi.

Somo langu ni moja. Msiogope unene wa kitabu. Game inakuwa nzito kulingana na walioketi mezani, na Wakenya watatu wakipewa karatasi tupu wataandika katiba. Wewe unayeanza, tafuta ile ya karatasi moja, na usimpe mtu yeyote cheo.

Sasa nauliza: kuna mwingine humu amewahi kufukuzwa na mamake kwa game yake mwenyewe? Appeal uliandika vipi? Jibuni haraka, patron ametoa kichwa mlangoni, anasema kwa kuwa niko free, nichemshie wanachama chai.