Komunyo ya Mama Weronika

Apolonia alikuwa mkamuaji wa ng'ombe katika shamba la pamoja, kaskazini mwa Kazakhstan, mahali ambapo treni iliwabwaga yeye na Wapolandi wenzake mwaka 1936, walipohamishwa kwa nguvu na serikali ya Kisovieti. Kulikuwa na nyasi tupu na kijiti chenye namba ya kijiji ambacho bado hakijajengwa. Mwanawe mchanga, Jozio, hakuumaliza msimu ule wa baridi. Walionusurika walinusurika kwa jibini kavu ya majirani Wakazaki.

Padri hawakuwa naye, na ibada ilikatazwa. Kila Jumapili wanawake saba walijifungia kwa Apolonia, wakasoma sala za Misa katika kitabu kilichochanika jalada. Wakifika pale padri anapoutwaa mkate, walinyamaza. Walipiga magoti kimya kwa muda ambao maneno ya padri yangechukua, kisha wakaendelea na Baba Yetu. Hivyo kwa miaka ishirini na mmoja.

Asubuhi moja ya Mei, 1957, alibisha hodi mwanamume mwenye mwiko na ndoo, akasema ni fundi wa majiko.

"Jiko langu zima," alisema Apolonia.

Mkwewe, Mama Weronika, aliyekuwa hajainuka kitandani tangu Krismasi, alipaza sauti kutoka ndani: "Mkaribishe, mwanangu! Fundi gani huyo anayejikwaa kizingitini asitukane?"

Mgeni akacheka. Akafunga mlango, akanong'ona kwamba yeye ni Padri Wincenty, ametoka kambi ya wafungwa mwaka jana. Angeweza kukaa hadi saa nane tu.

Divai alikuwa nayo, kichupa kimoja, aliyoitengeneza mwenyewe kwa zabibu kavu. Mkate hakuwa nao. Apolonia akakimbia kwa jirani yake, Kulyash.

"Dada, nigawie unga mweupe. Konzi moja tu."

"Mgeni gani huyo wa konzi moja?" Kulyash alimtazama usoni, akaacha maswali. "Chukua. Mimi nitakaa nje nisuke kamba yangu."

Apolonia alikanda unga kwa maji bila chachu, akaubana katikati ya pasi mbili za moto. Mikate ilitoka myembamba, mmoja umeungua pembeni. Kazi ikawa kumzuia Mama Weronika asisinzie. "Tangu alfajiri sijanywa hata chai," alinung'unika, "halafu niikose komunyo kwa usingizi?"

Wanawake wa Jumapili waliingia kimyakimya, na wote wakaungama mmoja mmoja nyuma ya jiko. Misa ilikuwa imefika katikati waliposikia kwato za farasi. Mwenyekiti wa shamba.

"Usiingie huko!" Sauti ya Kulyash ilisikika nje. "Fundi amebomoa jiko. Masizi yatalimaliza hilo koti lako jipya."

"Mbona kimya? Anabomoa kwa kupuliza?"

"Vumbi limewaziba midomo. Ni mara ya kwanza wale wanawake kunyamaza, usiwashtue! Njoo kwangu, chai ipo na maziwa ya farasi yapo."

Kwato zikasogea kwa Kulyash.

Ndani, walifika pale pa kunyamaza. Safari hii sauti ya mtu ilisema, polepole, kwa Kilatini, na padri akauinua mkate. Apolonia alidhani angelia. Hakulia. Alimkumbuka Jozio, kaburi lake lisilo na alama, na kwa mara ya kwanza hakuona kwamba mtoto yuko mbali. Aliyeyashinda mauti alikuwa pale, juu ya meza yake ya kukandia unga.

Mama Weronika hakuweza kumeza. Padri akampa kipande kidogo kama punje ya mchele, kwa kijiko cha maji. Bikizee akafumba macho kwa muda mrefu.

"Hakutusahau," alisema.

"Ekaristi maana yake shukrani," Padri Wincenty aliwaambia akivua stola shingoni. "Kambini tulikuwa na chembe tu ya mkate, tukashukuru kwa hiyo chembe." Kisha akamkabidhi Apolonia kitambaa kilichokunjwa, ndani yake vipande vitatu vya mkate ule. "Kuna wagonjwa watatu. Mimi sitawafikia."

"Mimi, Padri? Mikono hii inanuka ng'ombe."

"Alizaliwa zizini, mama. Hatashangaa."

Alitembea nyikani kitambaa kikiwa kifuani, na waliomsalimu aliwajibu kwa kichwa tu. Wa mwisho alikuwa Hipolit, mchunga ng'ombe mzee aliyevunjika nyonga, ambaye kila mwaka alimtania kwamba Mungu amepoteza anwani yao.

"Umeniletea nini, Apolonia? Tumbaku?"

Akapiga magoti, akakikunjua kitambaa. Hipolit alitazama. Akavua kofia, akajipangusa midomo kwa kiganja, mara mbili.

"Ngoja," alisema kwa sauti nyembamba. "Ngoja kwanza nikae vizuri."

Apolonia akamshika mgongo, akamwinua, akaanza kumsomea sala ya toba, naye mzee akaifuata bila kukosea hata neno moja.