Alfajiri ya Kaa la Bibi

Enzi zetu, wenzangu mliokula ugali wa njano na kushukuru, hakuna aliyeamka anapojisikia. Kijijini kwetu, jirani na Chanzuru, Baba ndiye aliyegonga kipande cha reli alfajiri ili watu waende shamba la kijiji. Kazi hiyo aliipenda kuliko kula. Nyundo alilala nayo.

Watu wakaanza kulalamika kwamba anagonga usiku. Kikao kikaitwa, tukajua Baba atanyang'anywa nyundo. Mwenyekiti, mpenda utaalamu, akasema kwanza tujue alfajiri ni nini hasa, akawaomba wageni wetu wawili watusaidie: Daktari Vera, Mrusi, na Bwana Yonas, fundi pampu kutoka Lithuania, ambaye ukimwita Mrusi hali chakula siku hiyo.

Yonas akasema kwao alfajiri ni aušra, neno la kale lenye asili ya kung'aa. Vera akasema kwao ni zarya, nalo asili yake ni kung'aa, ila mzizi ni mwingine. Wakabishana hadi jasho likawatoka. Mwishowe Yonas akakiri, shingo upande, kwamba zarya ina ndugu katika lugha yake: žarija, yaani kaa la moto.

"Basi yamekwisha," Mwenyekiti akasema. "Mbingu ikifanana na kaa, ndiyo alfajiri. Iandikwe."

Ikaandikwa. Bibi, mama yake Baba, ambaye moto wake haukuzimika na majirani wote waliuchukua kwake, akateuliwa kulinganisha. Kila siku alisimama uani na kaa kwenye kigae, akilitazama, kisha akitazama mashariki, upande wa Kimamba, nasi watoto tukipiga miayo nyuma yake. Vikifanana, Baba anagonga.

Masika yakaja. Mawingu yakatanda siku tatu, alfajiri haikutokea. Kijiji kizima kililala na magugu yakaipita mihindi. Mwenyekiti akaja mwenyewe asubuhi ya nne kuchukua nyundo. Baba akaifuta kwa kanga ya Mama. Nilimwonea huruma mno.

Bibi akapuliza kaa mpaka likaiva, akaliinua.

"Mbingu imeshindwa kufanana," akasema. "Kaa limeweza. Gonga, mwanangu, kumekucha."

Baba akagonga, watu wakatoka na majembe, Mwenyekiti mbele.

Siku hizi wajukuu zangu wanaamshwa na simu, wanaizima kwa kidole, wanalala tena. Wangejaribu kulizima kaa la Bibi kwa kidole hichohicho, tungeona. Mimi, mawingu yakitanda, bado naamka nangoja chuma cha Baba.