Mkunjo Uliokataa Likasi

Marlène ni binti wa mzee Benoît wa Likasi, aliyeyeyusha shaba kiwandani mpaka mgongo ukamshinda. Mtaani walidhani msichana aliyesoma kemia ataishia kiwandani vilevile. Yeye akachagua jambo ambalo hata akina mama wa parokia yake walishindwa kulieleza: jinsi uzi wa DNA unavyojikunja.

"Kuna sehemu za DNA zinazojikunja kama fundo," aliwaambia wanafunzi wake wa chuo, "na fundo likikaza, jeni ya jirani inaweza kunyamaza."

Kwa shahada yake ya udaktari alibuni peptidi, kipande kifupi cha protini kisichopatikana mwilini, kilichoundwa kwa makusudi ili kiishike DNA na kuikunja. Lubumbashi, katika maabara ya msimamizi wake, Profesa Bertin, jaribio lilikubali upesi. Rangi aliyotia kwenye mrija, ambayo huwaka DNA ikijikunja, iling'aa kijani chini ya taa ya buluu.

Alipolileta Likasi ili wanafunzi wake walione, likakataa. Peptidi ileile, DNA ileile, mrija giza tupu.

"Mama Marlène, rudisha vitu huku," Bertin alimwambia kwenye simu. "Kwenu courant inakatikakatika, friji inazimika, peptidi imeharibika."

"Hapana, Prof. Kama imeharibika, nitaona. Iko kitu inaizuia, na miye nitaitafuta."

Alibadilisha mirija. Akaazima taa nyingine. Akafungua DNA mpya. Kila jaribio lilikula peptidi, na peptidi ilikuwa imebaki matone. Siku moja alilia koridoni, akanawa uso, akarudi mezani.

Asubuhi moja, akikinga maji ya majaribio kwenye mtambo wa zamani wa kuyasafisha, macho yake yaliganda kwenye bomba lake lililojiviringisha. Lilikuwa la shaba, na kwenye kiungo kimoja kutu ya kijani ilikuwa imechanua. Ndani ya peptidi yake alikuwa ameweka histidini, aina ya asidi za amino, ili zishike DNA, na histidini hupenda shaba kupita kiasi. Shaba ikitangulia, peptidi inaikumbatia hiyo na kuisahau DNA.

Akadondosha kwenye mrija dawa inayonyakua metali. Kijani kikawaka, wanafunzi wakapiga kelele. Akatia shaba kwa makusudi: kikazimika. Akatia dawa tena: kikarudi. Mwisho akasafisha maji katika chombo cha kioo, yasipite kwenye shaba, na DNA ikajikunja bila dawa yoyote.

Bertin alipoelezwa kwenye simu, alitaka uthibitisho. "Rudia," akasema.

"Nimesharudia, Prof. Kuja uone."

Jumamosi Bertin akapanda teksi-basi hadi Likasi, akavaa glavu, akafanya kila hatua kwa mikono yake. Alipoona mwanga ukizimika na kuwaka, alivua miwani na kucheka. "Nilitaka uirudishe Lubumbashi! Basi tunaandika makala. Jina lako litangulie."

Jioni hiyo, mezani, mzee Benoît aliuliza, "Sasa hii itaponesha nani?"

"Bado, Papa. Kwanza tujue kuikunja DNA na kuikunjua vile tunavyotaka."

"Itachukua miaka?"

"Miaka mingi."

Mzee alimsogezea sahani ya samaki. "Basi kula. Weye uko na kazi."

Siku hizi Marlène anabuni peptidi ya pili, isiyo na histidini hata moja. Mara mbili imemgomea. Yuko maabara anaijaribu mara ya tatu.