Kipande cha Reli cha Kanisa la Zuzu

Juzi nilipita Zuzu nikakiona kile kipande cha reli, kengele ya kanisa letu la Anglikana, bado kinaning'inia na kutu yake. Nilipokuwa mdogo, mama aliniacha kwa bibi, mama yake, akaondoka na treni kwenda kufanya kazi kiwandani, huko pwani. Mimi nilichojua ni kwamba kipande kile kikigongwa, watu huja. Basi Jumanne moja mchana nikakigonga, polepole, kwa sababu jiwe la kugongea lilikuwa zito. Sikujua kwamba mapigo ya polepole ni ya msiba. Wanawake walikuja mbio kutoka shambani, wakinuka jasho na udongo.

"Nani amefariki?" bibi aliniuliza akihema.

"Namwita mama."

Hakunichapa. Alikaa mchangani.

"Gonga tena," akasema.

Mama alikuwa binti yake wa pekee.