Fizikia Imenipeleka Zizini

Leo nimekosa udaktari huku nimeshika mguu wa mgonjwa.

Subirini niwaeleze.

Tangu nisome PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, hapa kijijini Ngulyati hakuna anayeniita jina langu. Naitwa Dokta. Sasa asubuhi jirani yetu, mama Kulwa, kaja na mguu umevimba. Kakaa, kaunyoosha.

"Dokta, angalia."

"Mayu, nenda zahanati. Mimi hata chuo sijaanza."

Hasikii. Nikaushika.

Simu ikalia. Ujumbe wa udahili: udaktari wa binadamu, nimekosa. Nimechaguliwa udaktari wa mifugo, ambao niliuweka mwisho ili tu nafasi isibaki wazi.

Baiolojia nina A. Kemia B. Fizikia S.

Ndiyo, S, hatua moja tu juu ya F. Msinitanie.

Nikawasomea kwa sauti. Mama yangu akakaa chini kama kapewa habari ya msiba. Mimi nilishindwa hata kumtazama, maana hii ndoto tulikuwa tunaiota wawili.

Baba akatoka zizini mbio.

"Wa ng'ombe? Kweli, ng'wanone, mwanangu, wa ng'ombe?"

Akapiga vigelegele. Mzee mzima!

"Watu wana hospitali Bariadi. Ng'ombe wangu walikuwa na nani?"

Nikajikuta nacheka na machozi yanatoka.

Mama Kulwa akauvuta mguu wake taratibu, akaufunika kwa kitenge. Akafikiri kidogo.

"Basi jioni upite kwangu. Kuna mbuzi anakohoa."

Jamani, chuo sijaripoti na tayari nina mgonjwa.

Wenzangu wa S ya Fizikia, nyie mmeangukia wapi?