Makopa ya Kang'ata na Ruzuku ya Utafiti

Sogea karibu, msikilizaji wangu, nikueleze jinsi ruzuku za serikali za utafiti zinavyogawanywa. Si jambo gumu. Mimi mwenyewe nililielewa uani kwa watu, huku natafuna muhogo wa kuchemsha.

Mimi ni mtafiti wa mazao, na ofisi yangu iko Korogwe mjini. Kule Kang'ata, wilayani Handeni, mama mmoja mkulima alitupa uwanja wake tujaribu vichanja vya kuanikia makopa, yaani muhogo mkavu wa kusagia unga. Mvua ikishika, makopa yaliyoanikwa chini huota ukungu, na familia hukosa ugali. Vichanja vilionyesha dalili njema, ila bila ruzuku tusingeweza kuvijaribu msimu mwingine. Tukaomba kwenye mfuko wa serikali wa utafiti, tukakosa.

Nikaenda kumweleza, pamoja na mwenzangu, mtaalamu wa udongo mzaliwa wa Vugiri, kule milimani Korogwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia mmekosa. Kwa hiyo mwaka huu tule ukungu?"

"Hapana mama, tutaomba tena."

Mwenzangu akayasoma maombi yetu kwenye simu yangu, akaanza kucheka.

"Kaka, umeandika utafiti unafanyika Korogwe!"

"Si ndiko ofisi iliko?"

"Kwani ofisi inaota ukungu?"

Mama alicheka mpaka akashika kiuno.

Pale kazini ndivyo tulivyozoea: hata maharage yanayojaribiwa Vugiri huitwa majaribio ya Korogwe mjini. Mwenzangu, ambaye aliwahi kusaidia kusoma maombi ya watu, akanifafanulia taratibu. Wataalamu wasiokujua husoma na kutoa alama. Wazo zuri hutangulia. Lakini alama zikilingana, mfuko ule hutazama ramani, na wilaya ambayo haijapata hupewa kwanza, ili fedha zisiishie kwenye miji ile ile yenye vyuo na vituo. Korogwe ilishapata. Handeni, bado.

"Nyie Wazigua wakarimu," akamalizia, akitutania mimi na mama, sote Wazigua wa Handeni. "Hata ukungu wenu mmetugawia sisi wa Korogwe!"

Tukaomba upya, wazo lile lile, safari hii Kang'ata ikiandikwa waziwazi. Tukapata. Mvua iliyofuata ilikuta makopa ya mama yule juu ya kichanja, meupe, na majirani zake wakijenga vya kwao.

Nawe ukiomba ruzuku, andika kwanza kata na wilaya ambako kazi itafanyika, ndipo uandike ofisi yako ilipo.